Soccer Random na kitufe chake kimoja: kuna ustadi humo, au ni bahati tupu?

Mjomba wa Tanga (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba msaada wenu katika jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi limenikaa kichwani kwa wiki mbili sasa. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 amekuja kwetu kwa likizo, na kila jioni baada ya chakula tunakaa mbele ya kompyuta yangu kucheza Soccer Random, ule mchezo wa soka wa kwenye kivinjari uliotengenezwa na RHM Interactive. Kwa wasioufahamu, kila upande una wachezaji wawili, mmoja mbele na mwingine golini, na wote wawili wanaendeshwa kwa kitufe kimoja tu: mimi natumia herufi W, yeye anatumia mshale wa juu. Hakuna kitufe cha kukimbia, cha kutoa pasi wala cha kukaba. Ukibonyeza, wachezaji wako wote wawili wanaruka kwa pamoja na kurusha mguu. Usipobonyeza, wanayumbayumba palepale kama watu waliosimama ndani ya ngalawa. Anayetangulia kufikisha mabao 5 ndiye mshindi, na baada ya bao mchezo hubadilisha uwanja, wachezaji na hata mpira wenyewe, bila mpangilio wowote unaoweza kuukariri.

Ukiutazama kwa mara ya kwanza utaona vurugu tupu. Juzi golikipa wangu aliruka, mpira ukampiga kisogoni, ukapaa na kugonga mtambaa panya, ukamrudia mgongoni na kutumbukia wavuni, na mshambuliaji wangu wakati huohuo alikuwa amelala chali katikati ya uwanja, mguu mmoja umeelekea mbinguni. Tulicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kumetokea nini. Kwa sababu ya mabao kama hayo nilijiambia kwamba huu ni mchezo wa bahati, sawa na kurusha sarafu.

Kisha nikaanza kuandika matokeo katika daftari. Katika mechi 20 tulizocheza tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, mpwa wangu ameshinda 17 na mimi nimeshinda 3. Nilipomuuliza siri yake alinijibu kwa upole kabisa, "Mjomba, wewe unabonyeza umechelewa." Jibu hilo limenitatiza, kwa sababu mimi huwa nasubiri nimwone mchezaji wangu ameegemea upande wa mpira, na papo hapo nabonyeza. Sielewi kuchelewa kunatoka wapi.

Maswali yangu ni haya: je, katika mchezo wenye kitufe kimoja kuna nafasi yoyote ya ustadi, na kama ipo, jicho linapaswa kutazama nini? Naomba wenye ujuzi wa programu za michezo na wenye ujuzi wa hesabu wanisaidie, kwani nataka kumshinda kijana huyu kwa haki kabla hajarudi kwao Januari.

Fundi wa Programu

Ndugu Mjomba wa Tanga, nashukuru kwa swali lililopangwa vizuri. Kazi yangu ya kila siku ni programu za ofisini, lakini niliwahi kujifunza kujenga michezo midogo ya aina hii, kwa hiyo nitaeleza kwanza kinachotendeka nyuma ya kioo, kisha nirudi kwenye kauli ya mpwa wako, ambayo naamini ni sahihi kabisa.

Katika michezo mikubwa ya soka, mchezaji anapopiga shuti unaona mwendo uliochorwa au kurekodiwa kabla, na mguu wake hupita njia ileile kila mara. Katika michezo ya fizikia hakuna mwendo uliotayarishwa. Mchezaji ni vipande vigumu vilivyounganishwa kwa viungo, na kompyuta hukokotoa papo hapo kila kipande kitakwenda wapi kwa kufuata kanuni za Newton. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ya programu inayoitwa injini ya fizikia. Iliyo maarufu zaidi kwa michezo ya bapa, yaani ile isiyo na kina, ni Box2D, ambayo Erin Catto aliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 2006 katika mkutano wa watengeneza michezo huko Marekani, kisha akaitoa bure ili yeyote aitumie. Ndiyo iliyowarusha ndege wa Angry Birds mwaka 2009. Kabla ya Soccer Random kulikuwa na Soccer Physics ya Otto-Ville Ojala wa Ufini, na yeyote aliyecheza zote mbili atatambua mara moja kwamba ni ukoo mmoja: kitufe kimoja, miili inayoyumba, na mpira usiotii amri.

Injini ya namna hii kwa kawaida hukata sekunde moja katika vipande 60. Katika kila kipande huongeza kasi ya kuanguka, hutazama ni vitu gani vimegusana, hukokotoa msukumo unaovitenganisha, kisha husogeza kila kitu hatua moja ndogo. Kwa uvutano wa kawaida wa dunia, kila kipande humwongezea anayeanguka kasi ya takriban mita 0.16 kwa sekunde. Mdundo wa mpira nao ni namba moja tu kati ya 0 na 1 ambayo mtengenezaji huichagua, inayosema mpira unabakiwa na sehemu gani ya kasi yake baada ya kugonga. Tuchukue mpira halisi kwa kulinganisha: mpira wa kiwango cha juu cha FIFA ukiachiwa kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma unatakiwa udunde hadi kati ya sentimeta 135 na 155, na ukikokotoa utapata namba ya mdundo kati ya 0.82 na 0.88. Mtengenezaji wa mchezo akiipandisha kidogo tu, mpira hautulii. Akiishusha, unakuwa kama gunia la mchanga. Ukiona mpira umebadilika baada ya bao, basi namba za namna hiyo ndizo zinazoweza kuwa zimebadilika, na kanuni za kuruka zinabaki zilezile.

Sasa tuje kwenye kuyumba, kwani hapo ndipo penye jibu lako. Mchezaji wako amejengwa kama kile kichezeo chenye kitako kizito ambacho ukikilaza kinainuka chenyewe, kinapitiliza, kinarudi, kinapitiliza tena. Unapobonyeza, msukumo wa kuruka hufuata mwelekeo wa mwili wake wakati huo. Akiwa wima, anapaa moja kwa moja na kushuka palepale. Akiwa ameegemea mbele kwa nyuzi 30, nusu ya msukumo wote inamsogeza mbele, na bado asilimia 87 inamwinua. Akiwa ameegemea nyuma kwa nyuzi hizohizo, nusu hiyo inamrudisha kwenye lango lako mwenyewe. Kwa hiyo kitufe chako ni kimoja, lakini amri unazoweza kuzitoa ni nyingi: kwenda mbele, kupaa, kurudi nyuma, kwenda mbele kidogo. Unazichagua kwa wakati, kwa kuwa kidole kimekosa vitufe vya kuchagulia.

Na hapa ndipo unapochelewa. Jicho la mwanadamu likiona kitu, kidole hujibu baada ya takriban robo ya sekunde, ambayo kwa injini ni vipande 15. Wewe unasubiri mchezaji aegemee mbele kabisa ndipo uamue. Kidole kinapogusa kitufe, mwili umeshaanza kurudi na pengine umekaribia kusimama wima. Unadhani umemtuma mbele, kumbe umemtuma juu. Mpwa wako hubonyeza wakati mwili ungali unaondoka nyuma kuja mbele, na amri yake inafika mwili ukiwa umeinama vilivyo. Hakuna aliyemfundisha, mkono wake umejifunza mapigo ya kuyumba, kama mtoto anayejua ni lini aingie kwenye kamba inayozungushwa na wenzake.

Nakushauri ufanye zoezi moja kabla ya mechi ijayo. Chagua kucheza dhidi ya kompyuta, usijali matokeo, wala usitazame mpira. Tazama kichwa cha mshambuliaji wako, hesabu kwa sauti "moja" akiwa nyuma na "mbili" akiwa mbele, kisha bonyeza kati ya moja na mbili. Ukiona anaruka mbele mara tisa katika kumi, rudi kwenye mpira.

Neno la mwisho kuhusu bahati: ipo, na ni kubwa. Tofauti ndogo ya pembe katika mguso wa kwanza huongezeka kila mpira unapogonga kichwa, nguzo au ardhi, na baada ya migongano minne au mitano hakuna binadamu awezaye kutabiri utakwenda wapi. Bao lako la kisogoni lilikuwa la aina hiyo. Ustadi hukaa kwenye mguso wa kwanza na wa pili baada ya mpira kuanzishwa. Vingine vyote ni vumbi.

Mwalimu wa Hesabu, Dodoma

Fundi ameeleza vizuri upande wa mwendo, nami nitajibu upande wa daftari, kwa sababu Mjomba amefanya jambo ambalo wachezaji wengi hawalifanyi: ameandika matokeo.

Tuchukulie kwamba mchezo huu ni sarafu kweli, yaani kila mechi kila mmoja wenu ana nafasi nusu kwa nusu. Uwezekano wa mpwa wako kushinda mechi 17 au zaidi katika 20 ungekuwa 1,351 kati ya 1,048,576, ambao ni kama mara 13 katika kila majaribio 10,000. Mtu akikuambia kwamba hiyo ni bahati, mwombe akuonyeshe sarafu yake. Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa na daftari lako lenyewe: kuna kitu mpwa wako anakifanya ambacho wewe hukifanyi.

Lakini kuna jambo la pili ambalo ni zuri zaidi, na nawaomba wanaopenda hesabu walitazame kwa makini. Matokeo ya 17 kwa 3 yanaweza kumfanya mtu aamini kwamba kijana ni bora kuliko mjomba wake kwa mbali sana, na sivyo. Mechi huisha mmoja akifikisha mabao 5. Tuseme katika kila mabao matatu yanayofungwa, mawili ni ya mpwa na moja ni la mjomba. Ukikokotoa nafasi yake ya kutangulia kufika 5 utapata 16,832 kati ya 19,683, yaani asilimia 85 na ushee, na asilimia 85 ya mechi 20 ni mechi 17 kamili. Kumbe tofauti yenu ni ya mabao mawili kwa moja tu; ule utaratibu wa mabao 5 ndio unaoikuza. Kama mngekuwa mnacheza kwa bao moja tu la ushindi, kijana angeshinda 13 au 14 na wewe ungejiona uko karibu naye.

Hii inaniambia pia kwamba Fundi yuko sahihi kuhusu bahati. Theluthi moja ya mabao ni yako ingawa, kwa maelezo yako mwenyewe, hukujua ulitendalo. Mabao hayo ndiyo ya migongano mingi.

Nina ombi la kitaaluma, kama kijana ataridhia. Chezeni mechi 10 ambazo yeye amefungwa kitambaa machoni na anabonyeza kwa kufuata sauti ya mchezo tu. Ikiwa ataendelea kukushinda, basi siri yake ni kasi ya kubonyeza na si kusoma mwili. Akianguka, tutajua kwamba jicho ndilo linalofanya kazi. Usibadilishe kitu kingine chochote. Hata viti mkalie vilevile.

Golikipa Mstaafu

Nawaheshimu wataalamu waliotangulia, lakini naomba nipingane na Fundi katika jambo moja. Nimedaka katika ligi ya wilaya kwa miaka tisa, na sasa nafundisha makipa watoto, na mchezo huu ninaucheza na wanangu. Fundi anasema mtu atazame mshambuliaji wake. Mimi nasema atazame golikipa wake.

Sababu yangu ni hii. Kitufe ni kimoja na miili ni miwili, kwa hiyo kila unapomrusha mshambuliaji, golikipa naye anaruka, apende asipende. Mshambuliaji akikosea hupotezi kitu, mpira unabaki katikati. Golikipa akiwa hewani wakati mpira unatambaa chini, lango liko wazi, na akiwa ameegemea nyuma wakati unabonyeza, anajirusha mwenyewe ndani ya wavu, na mara nyingi anaingia pamoja na mpira. Nimehesabu kwa macho yangu: mabao mengi ninayofungwa na wanangu yanatokea wakati mimi nabonyeza ili kushambulia. Huko ni kujifunga, hata kama mpira umeguswa mwisho na mpinzani.

Makipa wadogo huja kwangu wakiwa na kosa hilohilo. Mpira ukiwa mita 15 kutoka langoni tayari wamesharuka, kwa sababu mwili unaona aibu kusimama tu huku hatari inakuja. Ninachowafundisha kwanza ni kubaki kwenye miguu yao miwili mpaka mpira uondoke kwenye mguu wa mpigaji. Katika mchezo huu kutobonyeza ni uamuzi kamili. Mpira ukiwa umevuka kichwa cha mshambuliaji wako na unakuja kwako, ondoa kidole kabisa kwenye W. Mwache golikipa ayumbe; mwili wake wenyewe ni ukuta, na mpira wa polepole utamgonga na kurudi. Bonyeza pale tu unapoona mpira utapita juu yake.

Kaka, jaribu mechi moja ambayo hubonyezi chochote mpira ukiwa nusu yako ya uwanja, isipokuwa umeinuka juu ya kichwa cha kipa. Naamini utafungwa kidogo kuliko sasa.

Fundi wa Programu

Golikipa Mstaafu, nimesoma hoja yako mara mbili na ninaikubali. Mimi nilifikiria mwili mmoja tu, nikasahau kwamba amri inakwenda kwa miili miwili ambayo kila mmoja unayumba kwa mapigo yake. Mara nyingi mmoja yuko mbele na mwingine yuko nyuma kwa wakati uleule, na kitufe kinachomfaa mmoja kinamdhuru mwenzake. Zoezi langu libaki kwa mpira ulioko nusu ya mpinzani. Mpira ukivuka katikati, ushauri wako uchukue nafasi.

Niongeze jambo la kiufundi nililolisahau. Kama kompyuta ni ya zamani na kivinjari kimefungua kurasa nyingi, injini inaweza kushindwa kumaliza vipande 60 kwa sekunde, na mchezo ukawa unakwama na kuruka. Mapigo ya kuyumba yakivurugika, mkono uliokwisha kujifunza unapotea. Fungeni kurasa nyingine zote kabla ya mechi.

Mchezaji wa HaxBall, Mombasa

Hamjambo nyote. Mimi naandika kwa sababu Mjomba ameuliza kama mchezo wa fizikia unaweza kuwa na ustadi, na upo mfano ambao hauachi shaka.

HaxBall ni mchezo wa soka wa kwenye kivinjari ulioanza mwaka 2010, zamani ukiendeshwa kwa Flash na sasa kwa HTML5, ambazo ni teknolojia za kuendeshea michezo ndani ya kivinjari. Unautazama uwanja kutoka juu, mchezaji ni duara, mpira ni duara dogo zaidi, unasogea kwa mishale na kupiga kwa X. Uzuri wake ni kwamba namba zote za fizikia ziko wazi kwa yeyote anayetaka kutengeneza uwanja wake. Kipenyo nusu cha mchezaji ni 15 na cha mpira ni 10. Mchezaji ana uzito maradufu ya mpira. Na katika kila kipande kati ya vile 60 vya sekunde, mpira hubakiwa na 0.99 ya kasi yake, ilhali mchezaji hubakiwa na 0.96. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini zizidishe mara 60: baada ya sekunde moja mpira ulioachwa huru bado una asilimia 55 ya kasi yake, na mchezaji aliyeacha mishale amebakiwa na chini ya asilimia 9. Hiyo ndiyo sababu mpira humtoroka anayeukimbiza na kumfuata anayejua kuutangulia.

Hakuna bahati nasibu ndani yake, na watu hucheza kwa timu na ligi za kupangwa, hasa Uturuki na Amerika ya Kusini. Mgeni akiingia chumba cha wazoefu haugusi mpira kwa dakika tatu nzima. Mimi nilikaa hivyo kwa mwezi mmoja kabla sijaelewa kwamba wao hawaufuati mpira. Wanakwenda pale utakapogonga ukuta na kurudi. Kwa hiyo nakubaliana na kijana wa Tanga kwa asilimia mia. Katika michezo hii mpira haupo pale unapouona.

Tofauti na Soccer Random ni kwamba HaxBall haibadilishi uwanja katikati ya mechi. Ninachokionea wivu kwenu ni hicho kicheko, kwani kwetu mtu akifungwa hacheki hata kidogo.

Mjomba wa Tanga (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, ahsanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na matokeo, nisije na shukrani peke yake.

Kwanza, ombi la Mwalimu. Kijana alikubali mara moja, na dada yake mdogo alimfunga kitenge machoni kwa nguvu mpaka akalalamika. Tulicheza mechi 10, nilishinda 9. Katika mechi aliyoshinda, mabao mawili nilijifunga mwenyewe kwa kosa lilelile alilolitaja Golikipa. Alipofungua kitenge alikuwa na jasho usoni, akasema mchezo ulikuwa "mweusi na mrefu". Nadhani hilo limemaliza swali la kasi ya kidole.

Pili, zoezi la Fundi. Nilikaa peke yangu usiku kwa siku tatu, nikihesabu "moja, mbili" kwa sauti ya chini nisiwaamshe watu. Siku ya kwanza mkono ulikataa kabisa. Kila nilipotaka kubonyeza katikati, kidole kilisubiri hadi "mbili". Siku ya pili nilianza kuona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kabla mwili haujaanza kurudi mbele, kichwa cha mchezaji husimama kwa muda mfupi sana kule nyuma, kama mtu anayevuta pumzi. Nikibonyeza mara tu baada ya kituo kile, anaruka mbele kwa upinde mzuri na mguu unaukuta mpira ukiwa bado chini. Uwanja ukiwa wa theluji mambo yanaharibika kidogo, kwa kuwa anateleza anapotua, lakini mwelekeo wa kuruka unabaki uleule.

Tatu, ushauri wa Golikipa Mstaafu, ambao kwangu ulikuwa mgumu kuliko yote. Kuondoa kidole mpira ukiwa unakuja langoni kunahitaji moyo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliinua mkono mzima kutoka kwenye kibodi na kuuweka mapajani ili nisishawishike. Mpira ulitambaa polepole, ukamgonga golikipa wangu kwenye goti akiwa anayumba tu, ukarudi hadi katikati. Mpwa wangu aligeuka kunitazama mkono.

Baada ya hapo tulicheza mechi nyingine 20 za macho wazi, kila mmoja kwenye kiti chake kilekile. Ameshinda 12, nimeshinda 8. Mwalimu, najua utaniambia mechi 20 ni chache, na bado nimeshindwa, lakini 8 si 3.

Mechi ya mwisho ilifika 4 kwa 4. Mpira ulianzishwa, mshambuliaji wake akawahi kuruka, ukampita juu ya kichwa mchezaji wangu na kuja golini. Nikaacha. Ukamgonga kipa kifuani, ukadunda mara moja, ukasimama mbele ya mshambuliaji wangu ambaye wakati huo alikuwa ameegemea nyuma kabisa, kichwa kimetulia. Nikabonyeza. Kipa wake alikuwa hewani.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono tupeane, akasema, "Mjomba, leo umewahi." Basi lake linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na ameshaniambia kwamba Ijumaa usiku tusilale mapema.